Jumapili Sita za Koki

— Geuka kidogo, uangalie dirisha.

— Koki, si tulikubaliana? Upande wa kulia tu.

— Mwanga unapiga kushoto, Wasike.

Wasike akasimama. Tangu mvuke wa kiwandani umchome shavu la kushoto mwaka jana, alikuwa ameahirisha harusi yao mara mbili. Picha hii ya rangi za mafuta aliikubali kwa sharti moja: kovu lisionekane. Jumapili sita alikuwa amekaa katika chumba cha Koki, mchumba wake, mtaani Komarock, na suti yake ya harusi mwilini, bila kuruhusiwa kuona kitu. Sasa akaizunguka turubai ya picha.

Kovu lilikuwa pale.

— Umenidanganya!

— Nimekuchora wewe. Ulitaka nimchore nani?

Akatoka bila kuaga. Jioni ujumbe wa Koki ukaingia: "Usipoitaka nitaifuta mbele yako. Lakini uje uione vizuri kwanza."

Siku ya tatu mama yake Wasike, Asenath, akampigia simu.

— Niko kwa Koki. Nimeiona hiyo picha.

— Mama, hata wewe?

— Nyamaza kwanza. Nimenyoosha mkono nikunje kola ya koti, nikidhani ni kitambaa! Mwanangu, tangu uungue sijawahi kukutazama usoni. Naogopa kulia. Huyu msichana amekutazama.

Wasike akaenda. Safari hii alisogea hadi pua ikakaribia kugusa turubai. Suti ilikuwa na mng'ao wake begani, mikunjo kiwikoni, hata uzi uliolegea kwenye kifungo. Na ngozi! Ilikuwa na joto, kana kwamba damu inapita chini yake.

— Umefanyaje?

— Nilianza na kijani, kikakauka. Halafu nyekundu, halafu kahawia nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Kovu ndilo lilinitesa. Linang'aa kivyake. Nimelikwangua mara nne nikaanza upya.

— Mara nne?

— Sikutaka kulikosea.

Wasike akafuta macho kwa kiganja.

— Nilidhani unanionea huruma.

— Ningekuonea huruma, ningelificha.

Wasike akamgeukia Koki.

— Mchungaji ana nafasi lini?

— Jumamosi ya pili ya Agosti. Nilishamuuliza.

— Ulijua nitarudi?

— Sikujua. Niliuliza tu.

Jumamosi hiyo walifunga ndoa katika kanisa la mtaa wa Fedha, na Asenath akacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.