Nishikie Kiti

Mara ya kwanza mshona mapazia alidhani ni kidole chake mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyonyeshea, kile chenye mkono uliolegea karibu na dirisha, mtoto kwenye goti moja na simu kwenye goti jingine, akicheza poka mtandaoni kama alivyofanya kila mtoto alipomwamsha. Mtoto akatapika. Mama akaweka simu chini, akamfuta, akambadilisha nguo, akarudi kukaa. Kwa sheria ya mchezo ule, ukichelewa kubonyeza, mashine inazitupa karata zako na mchezo unaendelea bila wewe. Lakini karata zake hazikutupwa. Zilikuwa zimechezwa mpaka mwisho, tena kwa ujanja, na sarafu zote za meza zilikuwa zimelala upande wake.

"Nimebonyeza nini mimi?" akajiuliza.

Chumba kilinuka uzi ulioungua. Akaitazama pasi. Ilikuwa baridi, na waya wake umeviringwa juu ya kabati.

Akasema ni uchovu. Siku hizo uchovu ulikuwa jibu la kila swali. Chumvi kwenye chai, uchovu. Pazia la mteja lililoshonwa ndani nje, uchovu. Mtoto wao walimwita Bosi, kwa sababu alilia kama mtu anayefukuza watu kazi, na Bosi huyo hakuwa na saa za kufunga ofisi. Mume wake, fundi majokofu, alikuwa mtu mwema mchana, lakini akilala alikuwa gogo. Mama alibaki peke yake na ile meza ya kijani ndani ya simu.

Mezani pale alijiita Sindano. Wengine walikuja na kuondoka, wana picha za simba, za magari, za warembo. Mmoja tu hakuondoka. Alikaa sikuzote kushoto kwake, hana picha, na jina lake lilikuwa nukta. Mshona mapazia alimzoea kama mtu anavyomzoea jirani anayewasha taa kila yeye anapowasha.

"Nawe huna usingizi, mwenzangu?" alimnong'oneza alfajiri moja, kwa mzaha.

Simu alikuwa ameizima sauti. Hata hivyo ilijibu: ko, ko. Kama kifundo cha kidole juu ya mbao.

Wiki hiyohiyo alishinda shindano dogo la mtandaoni, na zawadi yake ilikuwa nafasi ya kucheza ana kwa ana, ukumbini, na watu wenye nyuso. Alitaka kuikataa. Yeye hata kwa muuza vitambaa alikuwa akisubiri wengine wote wahudumiwe kwanza.

"Nenda, mama," mume wake alimwambia. "Jumamosi mimi nipo nyumbani. Na wewe ukapunge upepo."

"Bosi akitaka kunyonya?"

"Si umekamua? Maziwa yamo kwenye jokofu. Jokofu la fundi majokofu halifi."

"Lilikufa mwezi uliopita."

"Lilizimia. Kufa na kuzimia ni vitu viwili."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, na kwa sababu alicheka, akaenda.

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la vitanda. Alipanda ngazi akipita picha za watu waliolala wakitabasamu, akawaonea wivu. Kitu cha kwanza alichokiona juu ni kitambaa cha meza: kijani, kimekunjwa vizuri pembeni, lakini mshono wake umeanza kuachia. Hilo lilimtuliza kidogo. Yaliyofuata hayakumtuliza.

Maana hakuwa amewahi kushika karata za poka kwa mikono. Simu ilikuwa ikimfanyia kila kitu: ilimwambia zamu yake, ilimhesabia, ilimfichia. Hapa aliziinua karata juu mno, jirani wa kulia akageuza uso kwa huruma. Akazitupa kabla ya zamu yake. Halafu, alipokuwa akifikiri, kidole chake kikagonga meza mara mbili, kama kilivyozoea kugonga kioo.

"Amepita," akasema mgawaji karata, mama wa makamo mwenye kucha fupi.

"Sijapita! Nilikuwa nafikiri tu."

"Umegonga, mwanangu. Hapa kugonga meza ni kupita."

Jirani wa kulia, mzee mnene waliyemwita Mzee wa Malori, akatingishika kwa kicheko. "Usihuzunike, binti yangu. Aliyepita hajatoka. Karata zake anazo, anangoja zamu imrudie. Anayetoka ni yule anayezitupa katikati kwa mkono wake mwenyewe."

"Na chunga mdomo," akaongeza mgawaji. "Kwenye simu unaweza kuongea upuuzi mpaka kesho. Hapa ukisema 'naongeza', umeongeza, hata kama ulikuwa unatania. Neno likitoka ni lako."

Akaitikia kwa kichwa. Alitamani kitanda, chochote, hata kile cha dirishani chini.

Kushoto kwake alikaa mwanamke aliyeinamisha kichwa. Mshona mapazia hakumtazama sana, kwa haya. Aliona tu mikono iliyotulia na ukingo wa gauni la bluu linalofanana na lake. Aliona ajabu kwamba mgawaji alimpa karata kila mara na kila mara akazivuta tena mwenyewe, bila kumuuliza neno. Huenda ni bubu, aliwaza. Huenda ni mtu mkubwa. Na ilikuwapo ile harufu, lakini kwa mshonaji harufu ya uzi ulioungua ni kama ya jasho lake.

Mchana ulipopinda, maziwa yakamjaa mpaka gauni likaanza kulowa. Ilibidi ainuke. Akamwinamia yule mwanamke wa kushoto, kwa sababu mwanamke kwa mwanamke huelewana, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, nishikie kiti. Kidogo tu."

"Nitakushikia," alijibiwa, kwa sauti ya chini vilevile. "Ni neno?"

"Ni neno."

Chini ya meza kitu kikagonga: ko, ko.

Msalani alikamua maziwa kwenye beseni, macho ameyafumba, paji la uso kwenye vigae vya baridi, na kwa dakika chache hakuna aliyemhitaji. Aliporudi, sarafu zake hazikuwapo. Kile kiti alichokuwa amekalia, mgawaji alikuwa ameshakivuta nyuma.

"Umesahau kitu, mwanangu?"

"Nimerudi kucheza."

Mgawaji akatazamana na Mzee wa Malori. "Si umetuaga sasa hivi? Umesukuma sarafu zote katikati bila hata kutazama karata, ukapoteza, ukasema unakwenda kumnyonyesha mtoto."

"Tena ulikuwa na furaha," akasema mzee. "Nikasema moyoni, kumbe huyu binti anajua kucheka."

"Na yule dada niliyemwachia kiti? Huyu wa kushoto kwangu?"

Mzee wa Malori akaacha kutabasamu. Akakiangalia kile kiti cha kushoto, akamwangalia yeye, akanong'ona kama mtu anayezungumza karibu na mgonjwa. "Binti yangu, hapo hapajakaliwa tangu asubuhi. Mwenyewe hakutokea. Sheria inasema apewe karata, kisha zitupwe. Asiyekuwapo na lake halipo."

Alishuka zile ngazi mbilimbili, akawapita wale waliolala wakitabasamu, akaingia barabarani bila kutazama kulia wala kushoto, na njia nzima alijiambia kwamba amechoka, ni uchovu tu, mtu aliyechoka huota amesimama, lakini gauni lake lililolowa lilimganda kifuani, na kila mwanamke wa gauni la bluu aliyemwona mbele alimfanya aongeze mwendo, mpaka akawa anakimbia, yeye ambaye tangu ajifungue hakuwahi kukimbia hata kuokoa nguo mvuani, akakimbia mpaka akaiona nyumba yao, na mlango uko wazi, na taa ya chumbani imewashwa ingawa jua lilikuwa halijazama.

Mume wake alikuwa jikoni, mgongo ameuelekeza mlangoni, anaosha vikombe.

"Mama Bosi," alisema bila kugeuka, "chai nakuletea hukohuko. Usisimame, atashtuka."

Akapita nyuma yake kimya. Harufu ilikuwa nzito sasa, ikikaa kooni kama moshi. Kutoka chumbani ilisikika sauti ambayo mama huijua hata gizani: mtoto akimeza, akipumua kwa pua, akimeza tena.

Kiti cha kunyonyeshea kilikuwa kimeligeukia dirisha. Aliyeketi ndani yake alivaa gauni la bluu, lakini lilikuwa kavu. Akageuza kichwa polepole. Ulikuwa uso wake mwenyewe, kila kitu kilikuwa chake, ila haukuwa na zile duara nyeusi chini ya macho. Ulikuwa uso wake uliolala usingizi wa kutosha, na kwa kitambo kifupi jambo lililomuuma kuliko yote ni uzuri wake.

"Umerudi mapema," kikasema kile kitu.

"Nipe mwanangu."

"Hajalia hata mara moja. Muulize baba yake." Kikamweka Bosi sawa kifuani, kwa ustadi. "Umechoka, dada. Nenda ukalale. Mimi sichoki."

Hofu ilikuwapo, lakini haikuwa peke yake. Kitanda kilikuwa pale, kimetandikwa, shuka imekunjwa pembeni kana kwamba mtu amemkaribisha. Midomo yake ilishaanza kufunguka, na ndipo alipokumbuka kucha fupi za mgawaji: neno likitoka ni lako. Kama lile lilikuwa neno lake, basi na hili litakuwa.

"Kiti ni changu," akasema. "Nimerudi. Nakaa."

Kile kitu kikamtazama bila hasira. Kisha kikanyoosha kidole, kikagonga ule mkono wa kiti uliolegea. Ko, ko.

Halafu kiti kikawa na Bosi peke yake, amezama kwenye mto, midomo imelowa, amelala.

Mume wake aliingia na chai. "Nani anagonga?" Akamwona mke wake amesimama, gauni limelowa, amemkumbatia mtoto mpaka mtoto analalamika. "Kulikoni? Sasa hivi ulikuwa unaimba."

"Kitoe," alisema. "Kiti kile kitoe nje. Leo hii."

"Kwa ajili ya mkono? Ule nautia msumari tu..."

"Kitoe, nakuomba."

Alikitoa. Akakivunja uani kwa nyundo, akinung'unika, na mke wake akaufuta mchezo kwenye simu, akalitia gauni la bluu motoni pamoja na mbao. Kwa siku kadhaa nyumba ilinuka sabuni na maziwa tu, na akaanza kuamini kwamba yamekwisha. Ni wakati akitia pindo kwenye pazia la mteja, sindano ikipanda na kushuka, ndipo mzee mnene alipomrudia kichwani na kicheko chake. Aliyepita hajatoka.

Kile kitu kiligonga tu. Karata hakikuzitupa.

Tangu hapo alijikaza. Bosi akitoa hata mguno, yeye yuko wima. Mume wake alimwambia apumzike, akasema hapana. Mteja akalalamika, akashona upya. Alikonda, akawa anasinzia amesimama kama farasi. Mwili hauna siri. Ukidai chake, unadai.

Alfajiri moja Bosi akalia kitandani mwake, kwa ukali, kama kawaida. Mama akaisikia sauti kutoka mbali, kama iko chini ya maji. Akaiamuru miguu. Miguu haikusikia. Ubavuni mwake mume wake alikoroma bila wasiwasi.

Kilio kikakatika katikati.

Kisha akasikia kumeza. Kupumua kwa pua. Kumeza tena. Na uzi ulioungua, mwembamba, ukipita juu ya mto.

Alijua lazima ainuke. Alijua na maneno ya kusema, alikuwa ameyafanyia mazoezi mchana kutwa juu ya cherehani: kiti ni changu, nimerudi. Akafungua mdomo ayaseme, na mto ulikuwa laini, na Bosi hakuwa analia.

"Kidogo tu," akasema.