Nguzo ya Saba

Winchi ilipoing'oa nguzo ya saba, ilitoka na mtu.

Alikuwa amenasa kwenye ncha yake ya chuma, kifua kimetobolewa hadi mgongoni, mdomo umezibwa kwa gunia, mikono imefungwa nyuma. Matope yalipomchuruzika usoni, vibarua walimtambua: Tobias, nyapara wao, aliyetoweka tangu Jumanne. Mahesh, mkandarasi aliyekuwa akijenga upya gati la kiwanda cha mkonge kwenye Mto Chania, Thika, aliketi matopeni na suruali yake nyeupe.

Kufikia saa sita mchana mshukiwa alikuwa ameshapatikana. Jumatatu Tobias alimchapa kiboko kibarua mmoja, Kagwe, mbele ya watu, naye Kagwe akaapa kumuua. Mwaka ulikuwa 1954, Hali ya Hatari, na Mkikuyu aliyetamka neno kama hilo hakutafutiwa ushahidi mwingi. Polisi walimpiga hadi meno mawili yakang'oka, wakamtupa mahabusu Ruiru.

"Kesho anapelekwa Nairobi. Huyo ni wa kitanzi," alisema Supritendenti Hargrave. "Musau, wewe andika ripoti tu."

Inspekta Musau aliichukia hiyo "tu". Alikwenda mochari kwanza.

"Alipigwa na nini?" alimuuliza daktari.

"Hakupigwa. Nguzo ndiyo iliyomuua. Moyo ulikuwa bado unapiga ilipomwingia. Na tazama kucha, zimejaa matope. Alijaribu kujivuta."

Musau alikumbuka kuwa nguzo hiyo ilikitwa Jumanne asubuhi. Basi Tobias aliuawa saa hiyo hiyo, kazini, watu wakiona na wasione.

Alirudi kwa Mahesh.

"Kwa nini mliing'oa nguzo hiyo?"

"Iko nje ya uzi ya vipimo, Inspekta. Shubiri mzima! Dismas fundi mzuri sana, miaka yote hapana kosa. Mimi nashangaa."

"Siku hiyo Kagwe alikuwa wapi?"

"Juu ya jukwaa. Tobias hapana kuja, basi yeye naimbisha watu."

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Juu ya jukwaa watu wanane walivuta kamba kupandisha nyundo ya chuma ya ratili mia sita, kisha wakaiachilia iiangukie nguzo. Walifuata wimbo wa kiongozi aliyeita 'vuta', hakuna aliyetazama chini. Chini shimoni, ndani ya uzio wa mbao uliozuia maji ya mto, aliingia mtu mmoja tu, yule wa kuisimamisha nguzo mahali pake. Mtu huyo alikuwa Dismas, Mjaluo wa makamo aliyejenga magati Kisumu kwa miaka ishirini na miwili.

Musau alimkuta akichonga mbao. Alimtaka ateremke naye shimoni, akavuta uzi wa vipimo kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho.

"Jumanne ulimwona Tobias humu?"

"Hapana, afande. Matope ilimfunika. Kagwe ndiye alimficha."

"Na nguzo ikamwangukia kwa bahati mbaya?"

"Ni hivyo."

"Tazama uzi, fundi. Umepita wapi?"

Dismas aliufuata uzi kwa macho hadi kwenye tundu la nguzo ya saba.

"Umepita kando ya tundu. Ungeufuata kama ulivyoufuata miaka yote, nguzo ingemkosa Tobias. Ulihama kwa sababu ulimwona."

Dismas aliichomeka patasi yake matopeni.

"Kesho Kagwe anapelekwa kunyongwa," Musau alifoka. "Meno yake wameshayang'oa. Utakaa kimya mpaka lini?"

"Omondi alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba wa mama," alisema Dismas. "Mwezi wa tatu alikuwa humu ameshika nguzo. Nikapiga kelele, 'Ngoja!' Tobias akanitazama usoni, halafu akaanzisha wimbo. Wakavuta. Wakaachilia. Kichwa cha Omondi nilikiokota kwa karai, afande. Na huyo Tobias akaenda kusema Omondi alikuwa mlevi. Omondi hakuwahi kuonja pombe!"

"Tobias ulimwingiza vipi?"

"Kabla ya kazi, watu walikuwa wanakunywa uji, hawakumwona akifika. Nilimwita aone ufa wa uzio. Nikamkaba, nikamfunga, nikamlaza chini ya uzi, nikamfunika. Nilitaka asikie wimbo."

"Na nguzo ikahama."

"Aliyehama ni yeye. Niliporudi na nguzo nilikuta amejivuta shubiri moja. Nikamfuata."

Musau alimtia pingu, akampandisha juu.

Jioni hiyo Kagwe alifunguliwa. Alifika mlangoni mwa kituo, uso umevimba, akageuka.

"Afande, wanasema ni Dismas. Lakini tulipoanza kuvuta, Tobias alikuwa ameshakufa, sivyo?"

Musau alitamani kumdanganya. Lakini Kagwe angeitwa kortini, na huko angeyasikia yote.

"Alikuwa hai," alisema.

Kagwe, aliyekuwa huru kwenda zake, aliketi kwenye ngazi ya kituo.

"Mimi ndiye niliimbisha," alisema. "Na nilisema vuta mara arobaini."