Picha Iliyotangulia

Shangazi hakuwa mtu wa kuomba msaada. Angeweza kubeba beseni la mablanketi yaliyolowa huku mgongo ukimuuma, na bado akakuuliza wewe kama umechoka. Kwa hiyo alipopiga simu mara tatu kabla ya saa sita mchana, binti wa kaka yake alijua kuna jambo. Binti huyo alikuwa fundi wa kamera za ulinzi. Kamera nne za duka la udobi la Shangazi alizifunga mwenyewe: mlangoni, kaunta, uani kwenye kamba za kuanikia, na chumba cha nyuma cha kupigia pasi. Zote ziliingia kwenye rekoda juu ya kabati, na Shangazi alizitazama kwa brauza ya kompyuta kuukuu ya kaunta, akihudumia wateja huku jicho moja liko kwa wafanyakazi.

"Inakataa kufunguka?" fundi aliuliza, akitua begi la vifaa. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Ingekataa ningeshukuru," Shangazi alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mgonjwa aliyelala chumba cha pili. "Tangu juzi iko hivi. Angalia mwenyewe."

Duka lilinuka kitambaa kilichoungua. Fundi alizigusa pasi zote tatu za chumba cha nyuma. Zilikuwa baridi na hazikuwa zimechomekwa. Alianza kazi kama anavyoianza siku zote: akakagua kebo kutoka rekoda hadi rauta, akahakikisha anwani ya rekoda haijabadilika, akafuta kumbukumbu za brauza, akaingia upya. Picha nne zikafunguka, safi kabisa.

Likabaki jaribio la mwisho. Picha ya moja kwa moja haifiki moja kwa moja, kila fundi anajua. Huchelewa sekunde mbili, tatu hivi. Alimwacha Shangazi kaunta, akaenda kusimama chini ya kamera ya chumba cha nyuma.

"Nikipunga mkono, hesabu mpaka unione kwenye skrini!" alipaza sauti.

"Nimeshakuona," Shangazi alijibu.

"Bado sijapunga."

"Umepunga wa kushoto. Halafu umejikuna sikio."

Fundi alikuwa amekusudia kutumia mkono wa kulia. Ila sikio lilianza kumwasha palepale, na alipokuja kushtuka, mkono wa kushoto ulikuwa umeshapanda, umepunga, na umekuna.

Alirudi kaunta haraka. "Saa ya rekoda imekwenda mbele," alisema, ingawa alijua saa mbovu haimkuni mtu sikio. Aliirekebisha. Alichomeka skrini yake ndogo kwenye rekoda yenyewe, na huko picha zilikuwa za kawaida, wao wawili kaunta na kwingine kutupu. Ni kwenye brauza tu ndiko mambo yalikotangulia.

Ndipo Shangazi akamweleza. Jana mpiga pasi alijiona kwenye skrini ameweka mkono chini ya pasi ya moto. Alicheka sana, akasema kompyuta imezeeka. Dakika haikuisha, akaupiga pasi mkono wake mwenyewe, taratibu, kutoka kwenye kifundo hadi vidoleni. Bado yuko hospitali. Leo asubuhi Shangazi akamwita mganga.

"Akasemaje?"

"Hakuwahi kusema. Alijiona kwenye skrini anakimbia, akakimbia. Mkoba wake ule pale."

Fundi alicheka, kisha akaona Shangazi hacheki. Akachomoa kebo ya rekoda. Picha zikabaki. Akachomoa umeme wa kompyuta. Feni ya ndani ikanyamaza, taa ikazimika, picha zikabaki.

"Sasa tazama kilichonifanya nikuite," Shangazi alinong'ona.

Kwenye picha ya chumba cha nyuma, Shangazi aliingia peke yake, akapanda juu ya meza ndefu ya kupigia pasi, akalala chali. Shuka jeupe likaanza kupanda, miguuni, magotini, tumboni, kifuani, hadi likamfunika uso. Kitambaa kilipanda na kushuka juu ya mdomo mara tatu. Ya nne hakikushuka. Pembeni mwa picha saa ilisomeka saa kumi na dakika tano, na saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu.

"Twende nyumbani," fundi alisema.

"Nilijaribu. Nilifika ngazi za nje, nikajikuta narudi. Ukishajiona umefanya jambo, mwanangu, mwili unaona yamekwisha." Shangazi alifuta kaunta kwa kitambaa, mahali palepale alipokwisha kupafuta. "Siku ya kufa nyani..."

"Wewe si nyani, shangazi."

Aliogopa, hakuna haja ya kuficha. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, aliyemfundisha kushika bisibisi alipokuwa hajafikia kitasa cha mlango. Amtazame hivihivi akijilaza? Aliinamia skrini, na picha ile ikaanza upya yenyewe. Safari hii shuka halikupanda lenyewe. Kulikuwa na mikono iliyolivuta, na kwenye kifundo kimoja palikuwa na gurudumu la utepe mweusi wa kufungia nyaya za umeme, lililovaliwa kama bangili.

Fundi alitazama kifundo chake, penye gurudumu lilelile.

"Asubuhi nilipoiona hakukuwa na mtu mwingine," Shangazi alisema kwa sauti iliyokauka. "Lilijivuta lenyewe. Naapa."

Fundi alilivua gurudumu lile la utepe akalitupa kwenye pipa la taka. Akageukia skrini. Mikono ilikuwa ileile, na kifundo kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo alipoelewa, na moyo ukamruka. "Hajui!" alisema. "Shangazi, huyu aliyemo humu haoni mbele. Angekuwa anaona, asingebadilisha. Anatuonyesha anachotaka, sisi tunatii. Kuna kaupenyo kati ya jambo na picha yake, zile sekunde mbili, tatu. Amekaa humo, anatutangulia kwa picha, basi."

"Jini ni jini," Shangazi alisema.

"Na muongo ni muongo."

Walishikana mikono, wakakaa. Saa kumi kasorobo zile pasi tatu baridi zilianza kupumua huko nyuma, fsss, fsss, moja baada ya nyingine, na harufu ya kuungua ikawa nzito mpaka macho yakatoka machozi. Saa kumi na dakika mbili Shangazi alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina, na fundi akamshika kiuno na kung'ang'ania, lakini miguu ya Shangazi ilikwenda, na miguu yake mwenyewe, ambayo aliikanyagisha sakafuni na kuiamuru isimame, ikafuata nyuma yake kwa hatua zilezile, kupita kaunta, kupita mabeseni, kupita pazia la mlango wa chumba cha nyuma ambako mvuke usio na maji ulikuwa umetanda, na Shangazi akapanda mezani, akalala, akafumba macho, na mikono ya fundi ikainama kwenye kapu, ikachukua shuka, ikalikung'uta, ikaanza kulivuta, miguuni, magotini, tumboni, huku yeye akilia na kujiuma ulimi na kutafuta sauti yake ambayo haikuwepo, mpaka shuka lilipofika kifuani na neno moja tu likamtoka, dogo, la kukwaruza:

"Kataa."

Shangazi alifumbua jicho moja. Likatua kwenye shuka, likaenda upande mmoja, likarudi.

"Hili limepigwa pasi?" aliuliza.

Mikono ya fundi iliendelea kulivuta shuka.

"Nimekuuliza. Shuka hili limepigwa pasi?"

"Ba... bado."

"Bado!" Shangazi aliinuka kwa viwiko, na sauti yake ikawa ile ya kila siku, ile inayosikika mpaka duka la tatu. "Miaka ishirini na mbili halijatoka shuka lenye makunyanzi chumba hiki, leo nifunikwe nalo mimi? Tena la mteja! Na wewe uliyejificha humo, hata kufa kwa watu huwezi kukupanga vizuri? Toa! Toa kitambaa chako hapa!"

Alilipiga shuka likaruka. Mikono ya fundi ikamrudia kama mikono iliyotoka kwenye ganzi. Pasi zikanyamaza zote kwa pamoja. Wakabaki wanapumua, mmoja juu ya meza na mmoja amepiga magoti, mpaka saa ya ukutani ikavuka dakika ya tano, na ya sita, na ya saba. Shangazi alikuwa hai. Fundi alimkumbatia miguu akalia kwa sauti, na Shangazi akamwacha alie.

Waliporudi kaunta, skrini iliwaonyesha wote wawili wanatoka mbio, bila viatu.

"Inasema tunakimbia?" Shangazi aliuliza.

"Inasema tunakimbia."

"Vuta kiti."

Walikaa. Nyayo ziliwawasha kama zimekanyaga upupu, na hawakuinuka. Skrini ikamwonyesha fundi amesujudu mbele ya kamera. Fundi akapandisha miguu juu ya stuli. Ikamwonyesha Shangazi anafunga duka kwa kufuli. Shangazi akaenda kuufungua mlango wote, na bawa lake la pili pia. Ndipo skrini ikazimika, maana umeme ulikuwa umechomolewa tangu saa tisa na ushei.

Fundi alirudisha kebo na umeme. Alibadilisha neno la siri lililokuwa lilelile la kiwandani, akafungua brauza upya. Kutoka nyuma alisikia pasi ikigonga meza, na sekunde mbili baadaye akaiona ikigonga. Picha ilikuwa inachelewa, kama inavyotakiwa.

Shangazi alikuwa amerudi kulipiga pasi shuka la mteja. Kwenye skrini fundi alimwona anamaliza, anashika ncha mbili, analiinua alikunje. Lilikuwa shuka la kitanda kikubwa, ambalo mtu mmoja halikunji; upande wa pili lazima lishikwe. Na upande wa pili lilikuwa limeshikwa. Ncha zake mbili zilielea kimo cha kifua cha mtu, zimebanwa na vidole visivyokuwepo, na katikati shuka lilining'inia limelegea.

Fundi alisimama, kiti kikaanguka. Kabla hajapiga kelele, sauti ya Shangazi ilitoka chumba cha nyuma, haina haraka.

"Mgeni siku mbili," ilisema. "Leo ya tatu. Vuta huko kwako, usinitilie makunyanzi."

Sekunde mbili baadaye, kwenye skrini, shuka likanyooka.