Ugonjwa wa Mwali Mwenzangu Nilioupandisha Jukwaani

Taji lile lilinigharimu mwali mwenzangu. Yeye lilimgharimu mume. Na taji lenyewe, ndugu wasomaji, sikulipata!

Nina miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Nguvumali, Tanga. Majina humu si yetu, wala mitaa si yote ya kweli; nimejifunza kwa gharama. Nauza viatu vya mtumba sokoni. Soli naikagua mara mbili, hela naihesabu mara mbili, na mteja akiniambia "dada nipunguzie, mimi mgeni," namuuliza mgeni gani anajua bei ya juzi. Sijisifu. Nataka mjue tu kwamba aliyefanya upuuzi huu si mtoto wala mshamba.

Niliingia kwenye shindano la urembo. Urefu ninao, meno ninayo. Mama alinuna siku mbili, kisha akaridhia aliposikia hakuna vazi la kuogelea.

Shida ilikuwa fomu. Waliuliza mambo matatu: umetoka wapi, unataka kuwa nani, na unapenda kuisaidia jamii kwa jambo gani. La kwanza nikajaza. La pili nikaandika nataka duka langu lenye kioo mbele. La tatu... nikakwama! Maisha yangu yote nilikuwa nimetoa sadaka jozi mbili za viatu kwa yatima, na nikikumbuka vizuri, jozi moja ilikuwa na tundu.

Mwalimu wetu wa miondoko, Madam Doreen, aliisoma fomu yangu akacheka. "Zaina mwanangu, hii habari ya muuza viatu. Majaji wanataka kulia. Huna msiba hata mmoja?"

Sikuwa nao. Baba yupo, mama yupo, nimekula nikashiba. Ndipo nikaukumbuka msiba wa Saumu...

Saumu ni nani? Nilipovunja ungo niliwekwa ndani kwa bibi, na Saumu, binti wa nyumba ya pili, akawekwa pamoja nami. Tulikuwa wawili tu. Kungwi akatufunda, na siku ya kututoa akatuapisha: siri ya mwenzio ni siri ya mwili wako. Toka siku hiyo hatukuitana majina. Ilikuwa "mwali mwenzangu" tu, hata mtaa mzima ukazoea.

Saumu aliozwa Muheza akiwa na miaka kumi na saba. Uchungu ulimshika siku mbili. Mtoto akafa, na yeye akabaki na fistula, mkojo unavuja mchana na usiku, haukatiki. Mumewe akamrudisha kwao kama mtu anayerudisha mzigo mbovu. Mama yake akamficha chumbani. Mwaka ule mimi nilikuwa Korogwe kwa shangazi. Niliporudi alinisimulia mimi peke yangu, amekalia khanga iliyokunjwa mara nne.

Baadaye alifanyiwa upasuaji akapona kabisa. Miaka ikapita, akaolewa tena na Bakari, kijana wa familia yenye nyumba Raskazone, mtaa wa wenye nazo. Bakari aliambiwa kuna ndoa iliyovunjika. Mengine hakuambiwa. Nani angemwambia? Hapa mjini waliojua ni mama yake Saumu na mimi.

Mnaona ninakoelekea?

Nikajaza: napenda kuwasaidia wanawake wenye fistula. Nikajiambia jina sitaji, basi kosa liko wapi? Siku ya siku, jukwaani, nikashika maiki nikasema: "Mwali mwenzangu, niliyewekwa naye ndani tukiwa wawili tu, alizaa akiwa na miaka kumi na saba. Mtoto akafa. Mwenzangu akavuja mkojo miezi minane, amefichwa chumbani..."

Jaji mmoja akatoa leso. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namtazama yule jaji kama ninavyomtazama mteja aliyekwisha kuingiza mguu kwenye kiatu. Nilijua huyu kanunua.

Sikushinda. Walinivisha mkanda wa pembeni, umeandikwa Mrembo Mwenye Huruma. Cheka, msomaji. Mimi sikucheka.

Video ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Jina sikutaja, ni kweli. Lakini mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hapa sikuhesabu hata mara moja: wanawali wawili ndani, mtoe mwenye maiki, anabaki nani?

Wifi yake Saumu, dada yake Bakari aliyezoea kutusikia tukiitana hivyo, alipiga hesabu hiyo video haijaisha. Kesho yake, mbele ya wageni, akamwita kwa sauti: "Wifi, godoro umeshalianika? Jua ndilo hili!" Mama mkwe akaagiza kiti alichokalia Saumu kioshwe. Kiti cha plastiki! Na Saumu mzima wa afya, hajalowanisha kitu miaka!

Bakari hakufoka. Alisema ugonjwa si tatizo, tatizo ni kufichwa. Mama yake akasema yote mawili ni tatizo. Wiki haikuisha, Saumu akarudi kwao na begi moja na talaka moja.

Nilikwenda kutaka radhi. Nilibeba doti ya khanga. Mama yake nikamwamkia shikamoo mara tatu. Hakuitikia. Mama aliyenilisha ubwabwa mkononi mwake!

Saumu akatoka. Akaitazama ile doti. "Umenunua kiasi gani?"

"Elfu kumi na nane."

"Muuzaji alikutajia ngapi?"

"Ishirini na mbili," nikasema. Kinywa changu kilishazoea.

Akatikisa kichwa. "Hata radhi yangu umeiombea punguzo."

Nikalia. Nikamwambia aseme lolote analotaka, nitalipa. Hapo ndipo aliponiambia, taratibu, kama mtu aliyekwisha kufikiri siku nyingi.

"Tulikuwa wawili ndani, sivyo? Basi rudi kwenye hizo simu useme aliyezaa ni wewe. Mwaka ule hukuwapo mjini, watu wataamini. Sema uliona haya, ukamsingizia mwenzio. Bakari anatafuta sababu ya kunirejea, anamwogopa mama yake tu. Mpe sababu."

"Lakini wewe ulizaa ndani ya ndoa. Mimi sijaolewa. Watasema..."

"Watasema. Mimi wameshanisema."

Nikaanza kupatana, ndiyo kazi yangu. Nikamwambia nitamfuata Bakari kimya kimya nimwangukie. Nikamwambia nitamwendea mama mkwe. Akanikata: "Hii haipungui, Zaina."

Aliniita Zaina! Tangu tutolewe ndani hakuwahi kunitaja jina. Sikujua jina langu linaweza kuuma hivyo...

Sasa nisikilizeni. Eda yake ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, na mbili zimeshapita. Ikipita ya tatu, Bakari hamrejei tena ila kwa kuoa upya, na mama yake hatapeleka posa mara ya pili.

Na huku kwetu imeletwa barua ya posa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Aliniona jukwaani, akasema ameipenda huruma yangu! Wazee wameshamjibu, siku ya mahari imepangwa. Nikisema ninaloambiwa niseme, mshenga wake atakuja kuidai barua yake. Na baba yangu atakaa safu gani msikitini?

Nimesikia masheikhe wakisema uongo wa kuwapatanisha mume na mke una ruhusa yake. Hawakusema unalipwa na nani.

Mabinti mnaojaza fomu hizo, nawasihi. Kama hamjawahi kumsaidia mtu, andikeni hamjawahi. Aibu hiyo ni ya siku moja. Lakini maumivu ya mwenzako usiyapeleke mbele za watu, hata ukimficha jina, hata ukijidai unawatetea wengine. Nilisema nawasaidia wenye fistula. Niambieni nimemsaidia nani? Mmoja niliyemjua nimemvunjia nyumba.

Naomba ushauri, na msinipe wa kunifariji. Nisimame niseme ni mimi, niipoteze ndoa yangu na uso wa baba yangu? Au ninyamaze niolewe, nikijua nimeolewa kwa msiba wa nani? Wenye mabinti nijibuni kwanza kama mama yake Saumu, kisha kama mama yangu. Na nijibuni upesi, kabla Saumu hajatoka eda.