Haidra wa Chupa ya Jamu

Jumamosi hiyo duka la samaki wa mapambo lilifurika. Watoto walibandika pua kwenye vioo, mama zao waliuliza bei na kujifanya wanafikiria, na shangazi mwenye duka aliketi kaunta akijipepea kwa kipande cha boksi. Mpwa wake, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Kambare kwa sababu ya sharubu zake mbili nyembamba, alikuwa ameingiza mkono hadi kwapani ndani ya tangi la pembeni, akikwangua kioo kwa wembe.

"Usiwaue hao," ilisema sauti ya kike nyuma yake.

Kambare aligeuka. Alikuwa msichana mwenye gauni la manjano na raba nyeupe, miwani imemteleza hadi nchani mwa pua. Hakumtazama Kambare hata kidogo. Alitazama vijidudu vilivyong'ang'ania kioo, kila kimoja kama kiuzi kilichofumuka ncha moja. Kwa upole wa mfanyabiashara, Kambare akamweleza kwamba hao ni haidra, wanakula watoto wa samaki, na muuza samaki akiwaacha ni sawa na mfuga kuku anayemjengea mwewe kiota. Msichana akajibu kwamba anawajua vizuri. Kazi yake ni kuwalea.

Alifanya utafiti katika maabara ya chuo, mtaa wa pili. Wenzake walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumtibu mtu hata mafua. Akasimama palepale katikati ya wateja, akaeleza kwamba haidra hazeeki. Mwili wake umejaa seli za shina, zile seli changa zinazojigawa na kugeuka chochote mwili unachohitaji. Za binadamu huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Za haidra hazichoki. Ipo jeni inayozisimamia, na hata sisi tunayo. Anachotafuta ni kwa nini kwa haidra jeni hiyo haistaafu.

"Kwa hiyo huyu ninayemkwangua anaweza kunizika?" Kambare aliuliza.

"Ukiacha kumkwangua."

Kambare akacheka hadi maji yakamlowesha shati. Akamfungia haidra kadhaa kwenye mfuko wa nailoni kama anavyofunga samaki, akakataa malipo, akaomba namba ya simu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ila siku hiyo aliyekohoa ni shangazi, ambaye hakuzoea kuona kitu kikitoka dukani bure.

Simu zikaanza. Asubuhi Kambare alimwuliza kama amekula, naye akajibu kwamba kwanza anawalisha watoto, yaani haidra. Jioni Daktari alimweleza habari za maabara, na Kambare, aliyefeli baiolojia bila majuto, akawa anaisubiri baiolojia kama tamthilia. Siku moja Daktari alipiga akihema kwa furaha. Wale haidra wa dukani walikuwa na ile jeni, lakini yao ilitofautiana kidogo na ya wengine, na kipande chao kikikatwa kilijijenga mwili mzima upesi kuliko cha haidra yeyote aliyemlea. Utafiti wake wote sasa uliwategemea wao, na tangi walikotoka Kambare alikuwa ameshalitia dawa ya kuua haidra.

"Unawapenda kuliko mimi," Kambare alilalamika. "Ipo siku nitawatilia tone la dawa tubaki wawili tu."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mabomba ya maabara yaliharibika, maji yakatoka na kutu. Kambare, mapenzi yamempanda kichwani, akavaa shati lake la pasi na kumpelekea ndoo ya maji safi ya dukani. Daktari akabadilisha maji ya bakuli zote. Kesho yake haidra walikuwa wamejikunja, na kufikia mchana walikuwa wameyeyuka.

"Ile ndoo ilikuwa na nini?" aliuliza kwenye simu.

Kambare akakumbuka. Ndiyo ndoo aliyokorogea dawa ya tangi. Aliisuuza, lakini kwa haidra masalia kidogo tu yanatosha.

"Ulisema utawatilia dawa."

"Nilitania, mpenzi. Na wewe ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu nilikuamini." Akakata.

Tangu hapo simu iliita bila kupokelewa. Kambare akakonda, akawa anawapa samaki chakula mara mbili na wateja chenji isiyo sahihi. Shangazi alivumilia, kisha akamwambia kwamba mtu akikosa huenda kwa miguu yake, haendi kwa simu. Akasema hayo huku akipanga rafu, na nyuma ya maboksi ya chakula mkono wake ukakuta chupa ya jamu yenye maji. Akakunja uso, akaenda nayo kwenye sinki.

"Shangazi, usimwage!"

Kambare aliruka kaunta. Ile Jumamosi ya kwanza alikuwa amemficha haidra mmoja humo, ili awe na kisingizio cha kumpigia msichana simu. Visingizio havikuhitajika tena, lakini aliendelea kumlisha kimyakimya, kwa aibu ya muuza samaki anayefuga adui. Sasa ndipo alipokumbuka kwamba huyu naye alitoka tangi lilelile, akaiinua chupa kwenye mwanga. Haidra huchipua watoto ubavuni, na watoto hao hurithi jeni zilezile za mama. Kioo kizima kilikuwa kimeota haidra.

Daktari alimkuta mlangoni mwa maabara, chupa ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Ndoo ilikuwa na dawa," Kambare alisema kabla ya salamu. "Sikukusudia, ila kosa ni langu. Hawa ni ndugu zao."

Aliipokea, akaitazama muda mrefu. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Umewalisha nini?"

"Watoto wa kamba, halafu nabadilisha maji. Ulinieleza kwenye simu. Nilikuwa nasikiliza."

"Na mimi nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza," alisema polepole. "Nisamehe."

Kambare akazivuta sharubu zake. "Hawa wana muda wote duniani. Mimi sina. Hizi zitakuwa nyeupe, magoti yatalia. Nataka nizeeke na wewe. Utakubali?"

Daktari aliiweka chupa chini taratibu. Alichukua simu kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akapiga dukani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Amekurudishia wadudu wako?"

"Amewarudisha," Daktari alisema, akimshika Kambare mkono. "Ila yeye simrudishi. Tafuta mtu mwingine wa kukwangua vioo."