Majani Yasiyotaka Jua

Samaki wote walihamia kona moja ya tangi, wakayapa mgongo majani mapya. Mashaka alisema ni ugeni tu, watazoea.

Mashaka alikuwa fundi simu pale Kibiti, na mapenzi yake yote aliyamaliza kwenye tangi lile la kioo sebuleni. Majani hayo aliyang'oa mwenyewe kule Mbwera penye mikoko, kwenye kidimbwi chenye kiza chini ya miti, mahali ambapo wenyeji hawachoti hata maji bila kupiga hodi. Yeye hakupiga. Ni majani yasiyotaka jua, na ukiyazika mchangani huoza, hivyo hufungwa juu ya gogo. Basi akayafunga, akateremsha mapazia, na mkewe Mwanaidi, mjamzito wa miezi saba baada ya mimba mbili kuharibika, akawa anashona nguo za mtoto gizani. Aliomba afunguliwe japo dirisha moja. Akaambiwa majani yataungua.

Mchana mmoja umeme ulikatika, mashine ya kuwapa samaki hewa ikanyamaza, na Mwanaidi akasikia maji yakichotwa tangini taratibu, kama mtu anayetawadha, huku harufu ya tope la mikoko ikijaa nyumba nzima, naye akasogea, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, ndipo akaona kitu kilichoyashika majani kwenye gogo: kitambaa cheupe, pindo lake limeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa mkono wake mwenyewe.

"Mume wangu," alinong'ona Mwanaidi, Mashaka aliporudi, "kitambaa kile umekitoa wapi?"

"Kilikuwa kimefungwa mtini, pale kidimbwini. Nilikosa kamba."

"Nilikifunga mimi! Niliweka nadhiri mimba hii ikae. Nikaahidi nitakuja kukifungua mwenyewe, mtoto yuko mgongoni."

"Mwanaidi, achana na mambo ya..."

Maji yakapiga kofi ndani ya tangi.

Akaitwa Bi Sihaba, mganga wa kulekule Mbwera. Alifukiza ubani, akalitegea tangi sikio.

"Mwenye kidimbwi kafuata kitambaa chake," alisema kwa sauti ya chini. "Rudisha vyote, baba. Lisibaki hata jani moja."

Mashaka alirudisha. Lakini shina moja lilikuwa limetoa ua lake la kwanza, roho ikamuuma, akalificha kwenye chupa uvunguni mwa kitanda. Kitanda hichohicho alicholalia mkewe.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na Mwanaidi alilia kwa furaha. Walipofika nyumbani akafungua dirisha amtazame vizuri. Mtoto akapiga ukelele, akageuza uso ukutani, akalia mpaka sauti ikamkauka, na harufu ile ya tope ikapanda kutoka kwenye nguo zake safi. Mashaka akateremsha pazia. Papo hapo mtoto akanyamaza.

Mwanaidi akainama, akachungulia uvunguni, akaiona chupa yenye ua. Alipoinuka hakupiga kelele. Alimwekea mumewe mtoto mikononi.

"Mtunze wewe," alisema. "Wasiotaka jua unawajua."