Gari Limeuzwa, Jina Limebaki

Shangazi alikuwa anaondoka. Alishatoka getini, alishapita duka la kona, na moshi wake ulikuwa bado unaelea juu ya ua. Fundi saa alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akisikiliza. Gia ya pili ililalamika, kama ilivyolalamika miaka yote.

Shangazi lilikuwa gari. Watoto wa fundi ndio waliolibandika jina hilo, kwa sababu kila mahali lilifika likinung'unika, na halikubali kuharakishwa. Binti yao mkubwa alijifunzia kusoma humo, akisoma mabango ya barabarani kwa sauti. Mke wa fundi alijifunzia kuendesha humo. Alibomoa ukuta wa jirani, na wote wakacheka mpaka wakasahau kuomba radhi. Kiti cha nyuma kilikuwa bado kinanukia maganda ya machungwa.

Sasa macho ya fundi yalikuwa yanaona ukungu. Ndiyo maana alimuuzia gari mwokaji mikate wa mtaa wa pili.

"Unalia?" mkewe alimuuliza.

"Moshi tu."

"Moshi wa gari lililokwisha kufika sokoni?"

Upande wa pili wa ua, jirani yao alikuwa anaanika nguo. Mama huyu alifanya kazi katika ofisi ya bima, na leo alikuwa mapumzikoni.

"Shemeji, nasikia umeuza," alisema. "Mmeshabadilisha jina la mwenye gari?"

"Kadi ya gari nimempa. Jina nimemwambia aliache."

"Aliache vipi?"

"Nimemuuzia gari, jina langu sijamuuzia. Libaki kwenye kadi. Isiwe kama nimemtupa Shangazi."

"Naye akakubali?"

"Alifurahi! Alisema nimempunguzia safari ya ofisini."

Jirani aliweka nguo chini, akasogea. "Shemeji, hapo umejifunga kamba. Mbele ya serikali, mwenye gari ni yule aliyeandikwa. Kodi ya gari itakuja kwako. Faini zitakuja kwako. Akigonga mtu, mlango utakaogongwa ni huu."

"Si nina bima?"

"Unayo wewe, yeye hana. Bima ni makubaliano yako na kampuni. Hairukii kwa mnunuzi kama kiroboto. Halafu wewe ulikata bima ya gari la nyumbani. Yeye anabeba nini?"

"Mikate."

"Ya kula?"

"Ya kuuza."

"Basi hiyo ni biashara, na bima yake ni nyingine. Likitokea la kutokea, kampuni inaweza kukataa kulipa. Mpigie simu. Sasa hivi!"

Mikono ya fundi ilizoea skrubu ndogo kama punje za mtama. Lakini namba za simu zilimpotea kwenye ukungu wa macho. Mkewe akaichukua.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Nakaribia shule, mama. Watoto wanavuka."

Fundi aliinamia simu. "Mwambie aegeshe!"

"Egesha, mwanangu. Zima kabisa."

"Mikate itapoa, mama!"

"Ipoe!" fundi alipaza sauti. "Kwani mkate uliopoa hauliki?"

Mwokaji aliegesha. Aliwauzia walimu mikate palepale, akaliacha gari kwa mlinzi wa shule, akarudi kwa miguu huku amenuna. Jirani alipomweleza, alishika kichwa.

"Kumbe nilikuwa naendesha gari la mtu, bila bima!"

"Ndiyo hivyo," jirani alisema. "Nendeni wote wawili ofisi ya usajili. Chukueni kadi, vitambulisho na hati ya mauziano. Kama kuna kodi ya gari haijalipwa, ilipwe kwanza. Muulizane pia nani atalipa ada ya kuhamisha umiliki. Mwokaji, kata bima yako ya biashara kabla hujagusa usukani. Na wewe shemeji, iarifu kampuni yako kwamba umeuza. Uliza kama utarudishiwa kitu kwa muda uliobaki."

Kesho yake walikwenda. Kalamu ilipofika mkononi mwa fundi, ilisimama. Karani alisubiri. Watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

"Weka sahihi, mume wangu," mkewe alimnong'oneza. "Safari zetu hazimo kwenye kadi."

Akaweka.

Mwokaji alikata bima, ndipo akalichukua gari. Mvua zilipoanza, Shangazi aliteleza akavunja kibanda cha muuza matunda, na mwenye kibanda akavunjika mkono. Bima ya mwokaji ililipa matibabu na kibanda. Hakuna aliyekuja kwa fundi saa.

Mkono wa muuza matunda ulipona. Mwokaji alifungua duka la pili, akamuuza Shangazi kwa fundi bomba. Safari hiyo walianzia ofisi ya usajili. Jirani alihamishiwa tawi jingine. Fundi saa alifariki usingizini. Mkewe anaishi katika nyumba ileile, na sokoni huenda kwa miguu.